Wageni Walioshiba Potasiamu

Kabla wageni hawajafika, Mama alikuwa amekionja chakula mara nyingi mpaka nikamwambia kwamba akiendelea hivyo tutawaandalia sufuria tupu.  Alichota mrenda, ile mboga ya kuteleza, kwa ncha ya mwiko, akaonja, akafumba macho, kisha akanyoosha mkono kuchukua kibuyu cha munyu na kuongeza tena.

"Bado haujakolea," alisema.

Munyu wa Mama ni wa mabua ya maharagwe na maganda ya ndizi. Huyachoma kwenye roshani, jambo ambalo majirani wa juu wamelilalamikia mpaka wakachoka. Majivu huyatia ndani ya chungu kilichotobolewa chini, akayamwagia maji, na yale maji ya rangi ya chai yanayodondoka ndiyo anayopikia mboga. Bibi yake alifanya hivyo hapa hapa Maragoli, enzi mashamba yalipokuwa chini, kabla ndugu hawajayagawanya hadi yakabaki ukubwa wa mkeka na ikabidi yapandishwe juu, ghorofa juu ya ghorofa, katika Mnara huu. Sisi tunaishi ghorofa ya viazi vitamu. Ukifungua dirisha la jikoni, majani yanaingia ndani bila kukaribishwa.

"Mama, inatosha," nikamwambia.

"Wewe ni fundi wa ndimi, mimi ni mpishi. Nenda kapange viti."

Nikaenda kupanga viti. Siku hiyo watu wa Bungoma walikuwa wanakuja kujitambulisha, kwa sababu kijana wao Wepukhulu na dada yangu Vihenda walikuwa wamekubaliana tangu msimu wa mvua. Msafara ungeongozwa na Senge Nekoye. Senge ni shangazi, dada yake baba, na kwao senge akikunja uso, harusi inakunjwa pamoja nao. Mama alikuwa hajawahi kumwona, lakini alikuwa amekwisha kumwogopa vizuri sana. Alipika kama mtu anayefanya mtihani, na alikuwa na furaha kuliko nilivyomwona tangu Baba atutoke.

*

Walifika wakiimba, wakanawa mikono, wakakaa. Kituo cha meza, kile kisahani cheusi kilicho katikati ya kila meza katika Mnara wetu, kikawatambua, na taa zao zikawaka moja moja kwenye kioo cha kibao changu cha kazi. Nilikuwa nimekiweka mapajani, chini ya kitambaa. Sikuwa na nia ya kumpeleleza mtu. Seremala naye akiingia nyumbani kwa watu huangalia mlango kwanza.

Nilipokuwa mdogo watu walikuwa wakikwama ngazini. Miguu inakaza, moyo unaruka, mtu anakaa chini katikati ya ngazi na kusubiri abebwe. Tulikuwa tunakula mkate mweupe, chipsi na supu za pakiti zenye chumvi nyingi, na potasiamu, ambayo ndiyo inayousaidia moyo kupiga sawasawa na kuipunguzia makali ile chumvi, hatukuwa nayo ya kutosha. Wataalamu walitushauri. Mabango yalibandikwa kila ghorofa, tukayasoma huku tunatafuna chipsi.

Ndipo kikaja Kionjo. Ni utando mwembamba unaobandikwa kwenye kaakaa, unasoma mate na kujua mwili una nini. Potasiamu ikipungua, basi kiazi kitamu, maharagwe, majani ya maboga, parachichi na maziwa vinakuwa vitamu hata mtu anasahau adabu. Ukishapata ya kukutosha kwa siku hiyo, utamu unazimwa, na unachotafuna kinakuwa kama karatasi iliyoloweshwa. Hakuna anayekuamuru, unaacha mwenyewe. Leo wazee wanapanda ngazi wakipiga soga, na mimi, ninayevibandika na kuvirekebisha Vionjo vyao, naipenda kazi yangu na sioni haya kusema hivyo.

Mama aliomba dua, akapakua kwa mkono wake: ugali, kuku, kunde, viazi vitamu, na ule mrenda.

"Karibuni. Mle mshibe," alisema, akasimama mlangoni kungoja.

Senge Nekoye, mama mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya, alimega ugali, akachovya kwenye mrenda, akatafuna. Akaendelea kutafuna. Alitafuna kwa uangalifu wa mtu aliyeapa kukimaliza kitu.

"Asante, mama," alisema mwishowe. "Chakula kipo."

Yeyote aliyewahi kupika anajua kwamba hiyo si sifa. Wale akina mama wawili waliokuja naye waliinamia sahani zao. Wepukhulu alimeza tonge, akanywa maji, akameza jingine, akanywa maji. Vihenda alimtazama, akatazama chini.

Nikachungulia kibao. Mtu aliyepungukiwa taa yake huwa ya njano, na aliyetosheka huwa ya kijani. Meza nzima ilikuwa kijani kama shamba, isipokuwa taa moja ya buluu kule mwisho, alikokaa Mzee Wamukoya, baba mkubwa wa Wepukhulu.

*

Jikoni Mama aliweka chini bakuli la kunde kwa nguvu, mchuzi ukaruka.

"Umewaona? Wanakula kama wanameza dawa ya minyoo."

"Labda ni uchovu wa safari."

"Kageha, mimi si mtoto. Mtu aliyekataa chakula changu amenikataa mimi. Nitampelekaje binti yangu kwa watu ambao mboga ya mama yake haiwapiti kooni? Nitawapa chai, nitawaambia waende salama, na mambo yaishie hapo."

Vihenda alikuwa kwenye sinki akifuta vikombe.  Aliendelea kufuta kikombe kimoja hicho hicho, na machozi yakamdondokea mkononi. Roho iliniuma, kwa sababu najua jinsi alivyompenda yule kijana, na najua Mama akisema jambo limeisha huwa limeisha.

Nikamvuta Wepukhulu ukumbini.

"Shemeji, mlikula wapi?"

"Nani? Sisi?"

"Taa zenu zote ni kijani. Usinizungushe."

Alikitazama kiatu chake. "Senge alisema hatuwezi kwenda ukweni na njaa. Eti tukila kwa pupa mtasema kwetu hakuna chakula. Tukapitia kwa dada yake hapo njiani. Maharagwe, viazi vitamu, na parachichi zima kila mtu, isipokuwa Mzee. Hakuturuhusu kupanda gari mpaka sahani ziwe tupu."

Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga kofi. Hata sisi tunafanya hivyo hivyo. Kwenda ukweni umeshiba ni heshima, na bibi zetu walifanya hivyo bila tatizo, kwa kuwa mtu aliyeshiba bado alikuwa na ulimi wake na angeweza kuonja vijiko viwili akasifu kwa haki. Senge aliishika desturi barabara, akasahau kwamba siku hizi kuna kitu kwenye kaakaa ambacho hakijui adabu. Alikuwa amewashibisha watu wake potasiamu ya siku nzima kabla hawajabisha hodi kwetu.

Sasa nifanye nini? Kumwambia Mama kwamba wageni wamekula kwanza ni kuwavua nguo mbele ya mwenyeji. Kunyamaza ni kuivunja ndoa ya dada yangu.

Kulikuwa na njia ya tatu, nayo ilikuwa kwenye kibao changu.

*

Kila fundi anao ufunguo wa majaribio. Ukiubonyeza, Vionjo vyote vilivyoungwa na kituo cha meza hupokea habari ya uongo kwamba mwili umepungukiwa, kwa muda wa mlo mmoja tu, ili fundi apime kama utamu unawaka sawasawa. Tunautumia kwa watu waliokubali, na tuliapa hivyo tulipohitimu. Lakini nani angejua? Wangeonja mrenda wa Mama na kuona hawajawahi kula kitu kama hicho. Senge Nekoye angelamba vidole. Mama angesimama pale mlangoni akipokea sifa, na Vihenda angeacha kulia. Na kwa mtu mwenye figo nzima, potasiamu ya ziada ya alasiri moja haina madhara, ataikojoa tu na kuendelea na maisha yake.

Kwa mtu mwenye figo nzima. Ile taa ya buluu ilikuwa ya mtu ambaye figo zake haziwezi kuitoa. Kionjo cha mtu wa namna hiyo hugeuzwa kinyume: vyakula vyenye potasiamu huwa vichungu kwake, ili asijisahau, kwa sababu ikimzidi inaweza kuusimamisha moyo. Na ufunguo wa majaribio hauchagui. Hufungua meza nzima.

Basi nikafikiri kumwondoa mezani. Ndiyo, nilifika huko. Nikaenda kuinama karibu na kiti chake.

"Mzee, karibu nikuonyeshe mashamba ya ghorofa ya juu. Yanapendeza sana saa hizi."

Mzee Wamukoya ni mtu mwembamba mwenye kofia ya sufu. Alikuwa na kipande chake cha kuku na mboga zilizochemshwa, maji yakamwagwa, zikachemshwa tena, jinsi alivyoandikiwa. Alinitazama kwa upole.

"Mwanangu, nimekuja kumwona mke wa kijana wetu. Sukuma wiki hata kwangu iko." Akacheka, kisha akalinusa bakuli la mrenda lililokuwa mbele ya jirani yake. "Lakini huo ungenikuta zamani! Nilikuwa nakula sufuria peke yangu. Sasa nikiulamba ni shubiri."

"Hukasiriki, Mzee? Kudanganywa na kitu kilicho mdomoni mwako?"

"Nikasirike nini? Daktari aliniuliza, nikasema ndiyo, kibandike. Nimekubali mwenyewe."

Alirudi kwenye kuku wake. Mimi nilibaki nimeinama pale, kidole bado kiko juu ya kibao chini ya kitambaa, na nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Huyu alikuwa ameulizwa. Hawa wengine nilitaka kuwaingia midomoni bila hodi, tena nikijiambia ni kwa upendo. Nikakizima kibao, nikasimama wima.

*

"Senge Nekoye," nilisema, na sauti ilitoka juu kuliko nilivyotaka. "Naomba radhi. Mimi ni mtoto mbele yenu, lakini pia ni fundi wa Vionjo. Leo hakuna aliyekidharau chakula cha mwenzake. Mmefika hapa mkiwa mmetosheka. Nimeona kwenye taa zenu."

 Mama alitokea mlangoni akiwa na birika.

"Yaani wewe," Senge alisema polepole, "umekaa hapo unatusoma matumbo?"

"Nimewasoma, Senge. Si vizuri, na ninaomba msamaha. Lakini Mama alikuwa tayari kuwaaga moja kwa moja, na dada yangu analia jikoni. Nimeona heri unikasirikie mimi."

Senge alisukuma sahani yake. Nilidhani atanyanyuka na mkoba wake. Badala yake Mzee Wamukoya aliangua kicheko kule mwisho, kicheko cha kukohoa kilichomfanya ashike meza.

"Nekoye! Si nilikuuliza yale maparachichi yote ni ya kazi gani?"

Mmoja wa wale akina mama akajiziba mdomo kwa leso, mabega yakitikisika. Wepukhulu aliinamisha kichwa. Senge aliwatazama mmoja mmoja, na mwishowe uso wake ukalegea.

"Nilitaka tuonekane watu wenye adabu," alisema.

"Kumbe mlikula?" Mama aliweka birika chini. "Mlikula?"

"Tulikula, mama. Tusamehe."

Mama aliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu naye na kuanza kucheka, machozi yakimtoka. "Mimi siku ya kwanza kwa wakwe zangu nilikula mihogo nyuma ya nyumba yetu mpaka leso ikakataa kufungika! Nami nilifikiri ninyi mnanichukia!"

Baada ya hapo mambo yakawa mepesi. Niliwaeleza kwamba naweza kuvilaza Vionjo kwa muda, kila mtu kwa ruhusa yake, nao wataonja kwa ulimi waliozaliwa nao. Senge alikuwa wa kwanza kupanua mdomo. "Nakubali," alisema, kwa sauti ile ya kwaya. Nikavilaza vya wote waliotaka. Mzee Wamukoya akasema chake kibaki macho, nikamwambia hata angeniomba ningekataa. Nikakilaza changu. Mama naye akaja kupanga foleni, akacheka, akasema nakubali.

Vihenda aliitwa kutoka jikoni. Mrenda ukapakuliwa upya. Tukachovya sote kwa pamoja.

Sijui niseme vipi. Ulikuwa mchungu. Uliteleza ukafika kooni ukauma, na ukaacha mdomoni ladha ya maji ya kufulia nguo. Macho ya Senge yalijaa maji, na mara hii hakuwa na pa kujificha.  Tulimtazama Mama.

Mama alikuwa bado anatafuna. Alimeza. Akauangalia mwiko, kisha kibuyu cha munyu.

"Hii," alisema, "ni sabuni."

Ndipo nilipoelewa, mimi niliyejidai fundi. Munyu wa majivu una potasiamu tele. Mama akiwa amepungukiwa, Kionjo kilimwambia munyu ni mtamu, naye akaongeza. Akiwa ametosheka, hakuusikia kabisa, naye akaongeza. Miaka yote hii amekuwa akipika kwa ulimi usiomwambia ukweli, na sisi watoto wake tumekuwa tukila kwa ndimi za namna hiyo hiyo na kumsifu. Niliona uso wake ukianza kusinyaa, na nikatamani sana kuvirudisha Vionjo vyote pale pale.

Senge Nekoye alikuwa amekwisha simama. Alifunga leso kiunoni, akachukua lile bakuli. Mgeni wa heshima haingii jikoni kwa wakwe, hilo kila mtu anajua, na wale akina mama wawili wakamtazama kwa mshangao.

"Mama Vihenda," alisema, "maziwa mnayo? Maziwa na maji kidogo, tuuanze upya. Mimi mwenyewe miaka hii sijui ninapika nini. Twende."

*

Niliwafuata. Waliumwaga mrenda nusu, wakaongeza maji, wakamimina maziwa, wakabishana kuhusu moto. Vihenda alikuwa anakatakata majani mapya na Wepukhulu akimpokezea, wamesimama karibu kuliko ilivyoruhusiwa kwa siku ya kujitambulisha, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuwakemea. Dirishani majani ya viazi yalikuwa yameingia tena. Mama aliyasukuma kwa kiwiko.

"Kageha," aliniita bila kugeuka. "Ulitaka kuwadanganya, siyo? Nilikuona unavyokishika kile kibao."

Mama ananijua. "Nilitaka."

"Wangekula?"

"Wangelamba sahani. Wangekusifu mpaka Bungoma."

Aliupunguza moto. "Na mimi ningekufa nikiamini kwamba mimi ni mpishi."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayepima uzito wa kitu mkononi. Senge alijifanya anatafuta chumvi. Nilimshika bega, naye akauacha mkono wangu pale.

"Nikiamshe saa ngapi, Mama?" nilimuuliza baadaye. "Huwezi kukaa bila Kionjo. Utasahau kula inavyotakiwa, miguu itaanza tena."

"Nikipika, kilale. Nikikaa kula, kiamshe. Unaweza?"

"Naweza."

"Basi." Alichota mrenda kwa ncha ya mwiko, akaupuliza, akanielekezea mdomoni, mkono mwingine ukikinga chini kama alivyonilisha nikiwa mdogo. Senge aliacha alichokuwa akifanya. Vihenda na Wepukhulu waligeuka kuniangalia. "Changu kimelala, chako kimelala. Haya, sema."

Nikaonja. Maziwa yalikuwa yamepoza uchungu, lakini bado ulikuwepo nyuma ya ulimi, na chumvi ilikuwa imekosekana. Nilimtazama usoni. Alikuwa anangoja kama alivyongoja mlangoni mchana ule, shingo imenyooka, na nilijua kabisa neno analotaka kulisikia.

"Bado, Mama."

"Bado?"

"Bado kidogo."

Uso wake ukafunguka. "Sawa," alisema Mama kwa furaha, akageuka kwenye sufuria, na kuanza kukoroga.